Kengele ya Chini

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Mkwajuni Anania aliposhuka kwenye bodaboda, begi la vifaa mgongoni. Fundi wa Tunduma huyo, maneno mengi kuliko bisibisi. Lakini jioni ile hakuwa na utani. Aliyekwama chini ya shimo la dhahabu alikuwa Jairo, mdogo wake wa tumbo moja, na maji yalikuwa yanapanda.

"Umeme ulikatika. Uliporudi, winchi na kompyuta haviongei tena," alisema Sebastian, mzee mwendesha winchi, ile mashine ya kupandishia watu kwa ndoo. "Na kompyuta isiposoma, winchi inajifunga. Wenzake walishatoka, amebaki yeye tu."

Anania akainama shimoni, akavuta pumzi ili amwite. Sebastian akamziba mdomo.

"Usithubutu! Jua likizama, hapa hatuitani majina. Tunasema 'mwenzangu', basi. Jina likishuka gizani, anayeitika si lazima awe mwenyewe."

"Mambo ya kizamani hayo, mzee."

Haya. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kibanda cha kompyuta kilikuwa pembeni tu ya shimo. Kwenye kioo zilitiririka herufi za ovyo, hazisomeki. Ubovu uko wapi? Kwenye kompyuta, kwenye kebo, au kwenye kontrola, kile kisanduku kinachoiongoza winchi? Anania akachomoa kebo kwenye kontrola, akaunganisha waya wa kupeleka na wa kupokea kwa kipande cha shaba. Hapo, unachokiandika huzunguka na kukurudia kilekile. Mafundi wote hupima hivyo. Wengine huandika ABC. Yeye moyo wake ulikuwa chini kule, akaandika:

JAIRO

Kioo kikatulia...

Kisha:

NAAM

Harufu ya udongo mbichi ikajaa kibandani. Anania akaitazama ncha ya kebo. Ilikuwa imelala sakafuni, haijaunganishwa na kitu ila kile kipande cha shaba.

Nywele zilimsimama. Haki ya Mungu, angekimbia! Lakini ndugu yako akiwa majini, unakimbilia wapi? Akajilazimisha kufikiri. Huenda umeme ulipokatika kontrola ilisahau kasi yake, sasa inaongea haraka kuliko kompyuta inavyosikia. Akaitoa shaba, akairudisha kebo mahali pake, akazilinganisha kasi.

Herufi zikanyooka. Kina cha ndoo, uzito, vyote vikasomeka. Winchi ikajifungua.

"Vuta, mzee!"

Krrr... krrr... krrr...

Ndoo ikachomoza, na Jairo ndani yake. Anania akamkumbatia, akalia kwa sauti mbele ya Sebastian, wala hakuona haya.

Halafu akahisi kitu. Nguo za Jairo zilikuwa kavu.

Kavu kabisa.

Kule kibandani kompyuta ikalia, ti! Huwa inalia hivyo mtu akivuta kamba iliyoko chini ya shimo.

KENGELE CHINI

Ti!

KENGELE CHINI

"Ni kontrola hiyo," Jairo alisema taratibu. "Si ilikuwa mbovu?"

Ilikuwa mbovu, ndiyo. Lakini Anania alikuwa ameitengeneza mwenyewe, na alijua sasa inasema kweli.

"Mzee," alimgeukia Sebastian. "Teremsha ndoo."

Jairo akamshika mkono. Kiganja cha baridi. Macho yaleyale, kovu lilelile kwenye nyusi.

"Kaka," akanong'ona, "ukimpandisha huyo, mimi nitakaa wapi?"

Anania akafungua mdomo. Uso ule alikuwa ameubeba mgongoni tangu ukiwa wa mtoto mchanga. Sebastian akamtazama, mkono kwenye usukani wa winchi, anangoja alirudie neno lake. Fundi wa maneno mengi akakosa hilo moja.

Ti!

Ti...

Kisha kompyuta ikanyamaza.

Sebastian hakungoja tena. Aliteremsha ndoo kwa hiari yake, akaipandisha. Ikarudi na maji matupu. Mzee wa watu akakaa chini, akafunika uso kwa kofia yake.

"Twende, kaka," alisema Jairo. "Mama anatusubiri."

Walipofika nyumbani Mbangala, mama alikuwa mlangoni, kibatari mkononi. Jairo akampita akiinamisha kichwa, akaingia ndani. Mama hakumsalimu. Alimshika Anania kiwiko, akamvuta hadi nyuma ya nyumba.

"Mwanangu," akanong'ona, "mdogo wako umemwacha wapi?"