Swali la Shangazi Mnkande

Kikamuzi kilisoma kiganja cha mzee aliyesimama mbele yake, kikapima sukari na mafuta ya damu kufumba na kufumbua, kisha kikakamua majani ya mti wa mfyonzi na kumtilia kijiko kimoja cha maji ya kijani. Mzee akanywa, akakunja uso, akaenda zake. Mashine hizo zilikuwa kila mtaa wa Korogwe Mpya, na vitambi vilivyozoea kutangulia mlangoni sasa vilionekana kwenye picha za zamani tu.

Dakta Mwanjaa, mtafiti wa majani hayo, aliipita foleni bila kusalimia mtu. Alikuwa ametoka kwa binti yake Tunu, ambaye maziwa yalikuwa yamemkauka huku mtoto wa wiki tisa akilia mpaka sauti imekwisha.

"Si dawa yako, mama?" Tunu alikuwa amemwambia. "Nimekunywa kila siku."

"Kikamuzi hakikukuuliza kama unanyonyesha?"

"Hakijaniuliza chochote."

Jani linalouzuia mwili kulimbikiza mafuta hulizuia pia titi kutengeneza maziwa. Shangazi Mnkande, mganga wa Lushoto aliyemwonyesha Mwanjaa mti huo, hakumpa mwanamke kikombe kabla ya kumuuliza kama ananyonyesha, hata awe jirani yake. Mwanjaa alimwapia kwamba mashine nayo itauliza.

Injinia Sekiete, aliyeziunda mashine, alikuwa karakanani. Walisoma pamoja, wakala sahani moja.

"Swali liko wapi, Sekiete?"

"Nililitoa, dada. Akina mama walikuwa wanaudhika, foleni hazisogei. Wanaonyonyesha wenyewe ni wachache."

"Wachache! Tunu ni mmoja wao!"

Sekiete aliinamisha kichwa. "Taarifa nilikuletea. Ulisaini."

Mwanjaa alisaini kweli, bila kusoma, kwa sababu ilitoka kwa Sekiete. Kikulacho ki nguoni mwako. Akaamuru vikamuzi vyote vizimwe, akarudi kwa Tunu.

Alimkuta Shangazi Mnkande, aliyeitwa na Tunu, ameshafika kutoka Lushoto, amempakata mtoto, anamnywesha maziwa ya kopo kwa kijiko.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Maziwa ya Tunu yatarudi?"

"Hayarudi."

"Sekiete amenisaliti, shangazi."

Shangazi alimfuta mtoto mdomo kwa ncha ya khanga.

"Huyo Sekiete mimi simjui. Nilikupa wewe vitu viwili, mwanangu, jani na swali. Jani nimelikuta mji mzima. Swali langu uliliacha wapi?"