Likizo ya Wakesho

Kabla hakujakucha, mtungi wa plastiki uligonga kizingiti cha mlango. Tryphena alifumbua macho. Alijua ni binti yake, Wakesho, anakwenda kuchota maji. Msichana alitoka saa hiyo ili asikutane na watu bombani.

Watu wa kijiji chao cha Marungu walikuwa na swali moja tu. "Wakesho, unarudi lini Ushelisheli?"

Naye hakuwa na pa kurudi.

Wakala mmoja alimpeleka kwenye visiwa vile kwa ruhusa ya mgeni wa matembezi. "Kibali cha kazi utapata hukohuko," alimwambia. Wakesho alifua mashuka katika nyumba ya wageni kwa wiki sita. Siku moja wakaguzi walikuja. Hakuwa na kibali. Alizuiliwa, akapandishwa ndege, akaambiwa asirudi tena.

Lakini Tryphena alikuwa ameshatoa ushuhuda kanisani. Alisema Mungu amemfungulia binti yake mlango ng'ambo. Akina mama walipiga vigelegele, wakamchagua Tryphena kuwa mwenyekiti wa kikundi chao, wakawa wanakutana nyumbani kwake. Wakesho aliporudi, mama yake aliona aibu. "Sema uko likizo," alimwambia.

Sasa likizo ilikuwa na miezi minne.

Asubuhi hiyo jirani yao Nanzala, mfanyakazi wa shamba la mkonge, alipiga hodi. Alikuja na binti yake, Quinter. Tryphena alipovunjika mguu, Quinter ndiye aliyempikia kila siku, na hakuna aliyemtuma.

"Likizo gani hii, Wakesho?" Nanzala alitania. "Hata walimu hawapewi ndefu hivi! Ama unatafuta bwana huku?"

Wakesho alicheka kidogo, akatazama chini.

"Tumekuja kuaga," Nanzala alisema. "Quinter anasafiri Ijumaa. Wakala ni yuleyule wa Wakesho."

Wakesho alifungua mdomo. Tryphena alimfinya mkono. Msichana akainuka, akatoka nje.

"Safari njema," Tryphena alisema kwa sauti nyembamba.

"Ni wewe uliyenitia moyo, Mama Wakesho. Mimi niliogopa. Lakini ulipotoa ushuhuda nilisema, mtu kama Tryphena hawezi kutudanganya."

Tryphena aliweka kikombe chini. Alimtazama Quinter. Msichana alikuwa ameshika ufagio, anafagia maganda ya mbaazi bila kuambiwa.

"Nimewadanganya," Tryphena alisema. Akawaeleza yote.

"Miezi minne," Nanzala alisema. "Miezi minne tunakunywa chai hapa, unanitazama usoni."

"Niliona aibu."

"Aibu! Na mtoto wangu angefungwa huko, ungekuja kunipa pole?"

Siku hiyohiyo wanawake hao wanne walienda ofisi ya kazi mjini Voi. Afisa aliyewapokea aliitwa Pauline. Alisoma karatasi za Quinter mara mbili.

"Hii ni ruhusa ya kutembea," alisema. "Ukifanya kazi nayo, hata siku moja, umevunja sheria."

"Wakala alisema nitabadilishiwa nikifika."

"Usikubali. Mwajiri wa kule ndiye anayekuombea kibali cha kazi, kwa jina lako, ukiwa bado nyumbani. Kikitoka, ndipo unasafiri. Na mkataba uusome kabla ya kutia sahihi. Mwajiri ni nani? Kazi gani? Mshahara kiasi gani? Saa ngapi kwa siku? Utalala wapi? Nakala moja mwachie mama."

"Mimi sijui kusoma," Nanzala alisema.

"Basi usomewe na mtu unayemwamini."

Nanzala alitazama ukutani.

Pauline alitafuta jina la wakala kwenye orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. "Hajasajiliwa," alisema. "Hata kama mnasali naye kanisa moja, asipokuwa humu msimpe pasipoti."

"Na mimi?" Wakesho aliuliza. "Naweza kurudi?"

"Kule umekatazwa. Usijaribu kudanganya kwenye fomu." Pauline alimvutia kiti. "Kaa, dada. Umesimama tangu mlipoingia."

Jumapili Tryphena alisimama tena kanisani. Alisema ukweli wote. Hakuna aliyepiga vigelegele. Wasichana wawili waliokuwa wakijiandaa kusafiri walienda kuchukua tena karatasi zao kwa yule wakala. Lakini mwezi uliofuata akina mama walichagua mwenyekiti mwingine, na hawakukutana tena nyumbani kwa Tryphena.

Mwaka ulipita. Quinter alipata kazi ya hoteli Ushelisheli kupitia wakala aliyesajiliwa. Wakesho ndiye aliyekwenda kwa Nanzala kumsomea mkataba, neno kwa neno. Kibali kilitoka kwanza, kisha Quinter akasafiri. Siku hiyo Wakesho aliuza mboga sokoni kama kawaida. Aliporudi nyumbani hakula.

Muda huo wote Nanzala hakukanyaga kwa Tryphena. Jioni moja alikuja. Alisimama mlangoni, simu mkononi.

"Quinter anakusalimu. Ana kitanda chake na siku yake ya kupumzika. Aliniambia nije mwenyewe, nisitume mtu."

"Karibu ukae. Chai iko tayari."

"Sikai."

Hata hivyo alipokea kikombe. Alikunywa nusu, akiwa amesimama. Kisha akashukuru, akageuka kwenda.

Tryphena alimfuata hadi kwenye ua, akichechemea kwa ule mguu wake.

"Mama Quinter," aliita. "Utakuja tena?"