Jivu Kwenye Koki

Kila asubuhi kabla ya shule, Jokha alikwenda na baba yake uwanja wa ndege wa Kilindoni kufukuza ng'ombe. Zamani zile za Mwingereza, uwanja ulikuwa majani tu, na ng'ombe wa kisiwa cha Mafia hawakuona sababu ya kuyaacha majani mazuri namna ile kwa ajili ya ndege inayokuja mara mbili kwa wiki.

Baba yake, Bwana Muhsin, ndiye aliyekuwa msimamizi wa uwanja. Wiki moja alirudi kutoka Dar es Salaam na mtungi mrefu wa chuma, geji yake ya kupimia gesi, na mpira wa kujazia. Mkubwa wake alikuwa amempa fedha akanunue gesi ya naitrojeni ya kujazia magurudumu ya ndege.

Bibi Time, mama yake Bwana Muhsin, aliuzunguka ule mtungi mara mbili.

"Mwanangu, umevuka bahari kwenda kununua upepo? Hapa tunapigwa na kusi bure!"

"Mama, upepo wetu una unyevu na chumvi. Ukiingia ndani ya gurudumu unaleta kutu. Hii gesi ni kavu."

"Kavu kama mfuko wako," alisema Bibi Time, akaenda zake kukuna nazi.

Mtungi ukawekwa bandani na kufungiwa kwa kufuli. Funguo zilikuwa mbili: moja ya Bwana Muhsin, ya pili ya mlinzi, Shaibu. Huyu Shaibu alikuwa mvuvi wa dago, yaani wale wanaokuja kisiwani na kupiga kambi kwa msimu. Msimu ulipokwisha, wenzake waliondoka, yeye akabaki. Wenyeji hawakumwamini sana. Kuku akipotea Kilindoni, watu walitazama kwanza chungu cha Shaibu.

Jumatatu mshale wa geji ulisimama kwenye mia na ishirini. Jumatano, mia na kumi. Alhamisi, mia na nne.

Bwana Muhsin alikuna kichwa. "Jumamosi Bwana Mkubwa anakuja mwenyewe na ndege. Mshale ukishuka chini ya tisini, gurudumu halijai. Atasema nimenunua mtungi mtupu, au nimeiuza gesi. Kazi hii sina tena."

Jokha aliyasikia hayo yote. Alipokuwa njiani kwenda shule, alimwona Shaibu akipita na baiskeli ya kuazima, matairi yamejaa, magumu kama dafu. Juzi tu matairi yale yalikuwa yamelala chini.

"Umeona?" alimnong'oneza rafiki yake, Sihaba. "Gesi ya baba imeingia mle."

"Haki ya Mungu?"

"Ufunguo si anao?"

Basi, ukimwambia Sihaba neno, hakuna haja ya kupiga mbiu. Adhuhuri haijaingia, soko zima lilikuwa linajua kwamba mtu wa dago anaiba upepo wa Serikali. Shaibu alipokwenda kununua chumvi, watoto walimwimbia, "Psss! Psss!" Yeye alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Alasiri, Jokha alichukua jivu laini la jikoni. Baba yake alipofungua banda, alijifanya anafagia. Akapaka jivu kwenye koki ya mtungi na kwenye kifuniko cha mpira wa kujazia. "Akigusa tu, alama za vidole zitabaki," alijiambia. "Atakuja kuniambia nini?"

Ijumaa asubuhi, baba yake alipofungua kufuli, Jokha alitangulia kuingia bandani. Mshale ulikuwa tisini na nane! Akainama haraka kutazama jivu.

Lilikuwa kama alivyoliacha. Hakuna kidole kilichogusa.

Jokha aliinuka. Nje alisikia sauti ya baba yake.

"Shaibu, nipe ufunguo. Kesho tafuta kazi kwingine."

"Bwana Muhsin, baiskeli nimeijaza kwa pampu ya Mabruki, mwenye baiskeli. Muulize."

"Mji mzima unasema, Shaibu."

Mji mzima! Jokha alijua mji ule ulianza na mdomo wa nani. Akinyamaza, hakuna atakayejua habari za jivu. Akisema, kila mtu atajua kwamba amemsingizia mtu mzima. Akatoka nje.

"Baba, si yeye. Mimi ndiye niliyesema. Jana nilipaka jivu kwenye koki na kwenye kifuniko. Halijaguswa, na mshale umeshuka."

Bwana Muhsin aliingia, akalitazama jivu. Shaibu naye aliingia, akauliza swali moja tu:

"Kumbe koki iko wazi?"

"Naiacha wazi siku zote," alisema Bwana Muhsin. "Hivyo nauona mshale kila asubuhi, nijue kama naibiwa."

"Niletee sabuni na maji, mwanangu," Shaibu alimwambia Jokha.

Jokha alikimbia. Shaibu alipiga povu, akalipaka pale geji inapoungana na mtungi. Povu likaanza kutoa mapovu madogo, moja, mbili, kumi. Alipofunga koki, yakakoma.

"Nilifanya kazi kwa fundi wa kuchomea vyuma, Tanga, kabla sijaingia baharini," alisema. "Washa, yaani kipete cha kuziba kiungo, imechakaa hapa. Ukimaliza kazi unafunga koki, gesi haiondoki. Aliyekuuzia hakukupa washa za akiba?"

Bwana Muhsin alitoa kibahasha mfukoni, kimekunjwakunjwa. "Hizi? Nilidhani ni takataka. Sikuuliza."

Washa ikabadilishwa, na Shaibu akabaki na ufunguo wake. Jumamosi ndege ilitua, ng'ombe wakatoka kwa hasira, na Bwana Mkubwa akalijaza gurudumu mwenyewe. Kabla hajajaza, mshale ulikuwa bado tisini na nane.

Jioni ile Jokha alimfuata Shaibu. "Shikamoo, mjomba. Nisamehe."

"Marahaba. Nimekusamehe. Lakini Sihaba bado hajasikia hii habari mpya."

Jokha akaenda kumwambia Sihaba, kisha akapita soko zima na nyumba kwa nyumba, akisema mwenyewe. Ilikuwa kazi ndefu kuliko ile ya kwanza.

Aliporudi, baba yake alikuwa barazani.

"Tumekosa wote wawili," alisema Bwana Muhsin. "Mimi nilinunua chombo bila kuuliza kinavyotumika, kisha nikaacha koki wazi ili nimkamate mwizi. Gesi ikatoka kwa sababu ya ulinzi wangu. Wewe ukamhukumu mtu kabla ya kupima. Lakini ulipopima, ukaona umekosea, ukasema kweli mbele yake. Hilo ndilo lililotuokoa. Ukishuku, chunguza kwanza, ndipo useme. Na ukikosea, sema mapema."

"Na koki ufunge," alisema Bibi Time kutoka jikoni. "Ya mtungi, na ya mdomo."