Nyaya Chini ya Usukani

"Korongo, anakutoroka! Mzuie!"

Bang Hye-rin, aliyeitwa Korongo redioni, hakuijibu sauti iliyokuwa ndani ya kofia yake. Aliongeza mafuta. Pikipiki ikachomoka katikati ya makontena ya bandari ya Incheon.

Mbele yake lilikimbia gari jeupe aina ya Narae. Aliyeliendesha alikuwa Seok Man-ho, mkaguzi mstaafu wa usalama wa magari. Ndiye aliyemfundisha Hye-rin kazi.

Hilo ndilo lililomuuma.

Magari yote ya Narae yalikuwa yameagizwa yarudishwe kiwandani. Nyaya chini ya usukani zilisuguana, zikachunika, zikawaka. Man-ho na genge lake waliyanunua kama chuma chakavu, wakayatengenezea vyeti bandia kwamba yamekarabatiwa. Mia moja na themanini yalikuwa gatini, yakisubiri meli ya saa nane mchana. Askari walipovamia, mzee aliruka ndani ya gari la karibu, akatimua.

"Dae-ung, meli vipi?" alimuuliza askari mwenzake redioni.

"Tumeikamata, dada. Halitoki hata tairi. Amebaki babu yako tu."

"Si babu yangu."

"Haya, mwalimu wako."

Hye-rin aliongeza mwendo.

Ghafla moshi ulifuka ndani ya Narae. Gari likayumba, likagonga ukuta wa matairi, likasimama.

Milango ikagoma kufunguka.

Man-ho alipiga kioo kwa viganja, mdomo wazi.

Hye-rin aliitupa pikipiki. Akachomoa bastola, akairudisha. Haikuwa na kazi hapo. Akatoa kinyundo cha kuvunjia vioo.

Pigo moja. La pili. Kioo kikamwagika. Akakata mkanda kwa kisu, akamvuta mzee kupitia dirishani.

Walikuwa hatua kumi tu dashibodi ilipolipuka moto.

"Ungeniacha, we mtoto," Man-ho alisema akikohoa. Nyusi zilikuwa zimemuungua.

"Ulitoa vyeti mia mbili na tisa. Hapa yapo magari mia na themanini. Mengine yako wapi, mwalimu?"

Mzee aliutazama moto.

"Nimekuuliza!"

"Tumeyauza humu humu nchini." Akamkabidhi simu yake. "Majina na namba zimo humo. Nilijua yatawaka, Hye-rin. Nilijiambia si leo."

Hye-rin alimfunga pingu bila kumtazama usoni. Dae-ung alifika anahema.

"Dada, mkuu yuko hewani. Anataka kukupongeza."

"Mwambie asubiri."

Aliondoka taratibu kando ya gati, simu ya mzee sikioni, akipiga namba ya kwanza. Iliita mara tatu. Sauti ya mwanamke ikapokea, na nyuma yake watoto wakigombana.

"Sema haraka, niko barabarani."

"Mama, usiogope. Simama pembeni, zima gari, mshuke wote. Sasa hivi."

"We nani?"

"Mtu wa usalama wa magari. Shuka kwanza, matusi baadaye."

Alisikia mlango ukifunguka. Mmoja. Mwingine. Mtoto akilia kwamba amesahau viatu.

"Tumeshuka. Kuna nini?"

"Msilisogelee tena. Namtuma mtu."

Akakata. Akapiga namba iliyofuata.

Zilibaki ishirini na nane.