Gonga Moja, Fungua

Jua lilikuwa linazama nyuma ya misonobari Lempi alipofungua koki ya jikoni, nayo ikamjibu kwa kukohoa. Hata tone halikutoka. Alijua maana yake kabla hajavua koti. Bomba limeganda, na Urho yuko njiani.

Mumewe alikuwa amelazwa tangu majani yalipoanza kupukutika. Madaktari walikwisha kunyoosha mikono, na kitu pekee alichokuwa akikitaka sasa ni kufia kwenye kibanda chao cha magogo, ziwa likionekana dirishani. Nesi Darlene alikubali kumleta jioni hiyo kwa sharti kwamba akute moto unawaka na maji yanatoka. Akikuta koki kavu, anageuza gari na mgonjwa wake. Hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Basi Lempi akaiacha koki wazi, ili barafu ikiyeyuka maji yapate pa kutokea. Akabeba mashine ya kukaushia nywele, taulo na waya wa umeme wa kupashia bomba joto, akainua kifuniko cha sakafuni, akaingia uvunguni mwa nyumba kwa kutambaa. Goti lake la kulia lilimlalamikia njia nzima.

Sauti haipenyi mbao zile nene. Kwa hiyo baba yake aliwafundisha tangu utotoni kwamba aliye chini huzungumza na aliye juu kwa kugonga bomba. Gonga moja, fungua. Gonga mbili, funga. Kaka yake Eino ndiye aliyekuwa akitumwa uvunguni, naye Lempi akikaa juu kwenye koki. Urho naye, enzi za uchumba, alifunzwa na Eino huyo huyo.

Eino alizama chini ya barafu ya ziwa lile akiwa kijana mbichi. Hawakumpata.

Tangu mwaka ule baba alikuwa na jambo lililowashangaza majirani. Watu wote wa pale, baridi ikizidi, huacha koki ikitiririsha maji membamba kama uzi usiku kucha, bomba lisigande. Baba hakuthubutu. Theluji ya kwanza ikianguka alilifunga bomba lililovuta maji ziwani, akaliacha ligande, akachota maji kwa jirani kwa ndoo mpaka anakufa. Lempi aliuita ubahili. Wiki hii, kwa ajili ya Urho, alikuwa amelifungua.

Alianza kupasha joto upande wa koki, akarudi nyuma polepole kuelekea ziwani. Bomba likatoka jasho. Punde akasikia maji yakimwagika kwenye sinki juu yake, akacheka peke yake gizani kwa furaha. Akazima mashine, akaanza kuzungusha waya wa joto.

Ngo.

Barafu inapasuka, alijiambia. Barafu hupasuka...

Ngo.

Mlio ulitoka upande wa ziwa. Na ikaja harufu. Sufu mbichi, na ile tumbaku ya kutafuna ambayo Eino alikuwa akimficha baba.

"Eino?" alinong'ona, akajuta kunong'ona.

Akashika spana, akagonga mara mbili. Funga. Pakawa kimya. Kimya kirefu, mpaka akaanza kupumua tena.

Ngo.

Hakukumbuka alivyotoka. Alirudisha kifuniko, akakikokotea meza juu yake, akakimbilia koki aifunge. Mkono ukasita. Akifunga, bomba litaganda tena, na Urho atarudishwa akafie chini ya taa za hospitali. Akapunguza tu, maji yakabaki membamba kama uzi.

Kisha uzi ule ukawa mwekundu.

Ilikuwa sufu. Aliitambua, maana glavu nyekundu za Eino alizifuma mwenyewe, naye alitoka nazo siku aliyozama. Akashika ncha, akavuta. Uzi ukaja, umelowa, mrefu... halafu ukakaza.

Upande wa pili kulikuwa na mtu anavuta.

Akaukata kwa mkasi. Ncha ikapanda yenyewe, ikarudi ndani ya koki. Taa za gari zikapita dirishani.

Nesi Darlene aliyaonja maji kwa kidole, akaridhika, akamlaza Urho kwenye kitanda kilichopangwa kati ya jiko na sinki. Kisha akatoka kuchukua dawa garini. Urho alilitazama ziwa, machozi yakamtoka. Lempi alikuwa ameshapanga maneno ya kumwambia warudi mjini usiku huu huu. Alipoyaona machozi yale, akayaacha maneno, akamfunika blanketi. Alimpenda mno, na aliogopa mno.

Ngo.

Urho akatabasamu. "Nani umemwacha huko chini, bibi wewe?"

"Hakuna mtu, mzee wangu. Ni barafu."

"Barafu gani inagonga kwa adabu hivyo? Hiyo ni moja. Mwenzio anataka tufungue."

"Urho, usi..."

Mkono wake, ambao kwa wiki nzima haukuweza kushika kijiko, ukaifikia koki, ukaifungua mpaka mwisho. Uso wake ulijaa raha ya mtu aliyegundua kwamba bado anafaa.

Maji yakakatika.

Lempi akainama, akaweka kiganja kwenye bomba chini ya sinki. Halikuwa limeganda. Lilikuwa na joto, kama shingo ya mtu, na ndani yake kitu kilikuwa kinapanda taratibu, kikipumzika kwenye kila kiungo.

Juu yake Urho alikuwa ameshika kikombe chini ya koki, anangoja.