Mnazi wa Adila na Mfereji Uliofukiwa

Mtoro na mkewe Mwanahija wanaishi nje kidogo ya mji wa Bagamoyo. Kila asubuhi Mtoro huenda kwenye majaruba, vile vishamba vya maji ya bahari vinavyokauka na kuacha chumvi. Mwanahija huteka maji kisimani. Akirudi hupita kwenye mnazi mmoja na kuugusa kwa kiganja. Chini ya mnazi huo kilizikwa kitovu cha binti yao, Adila. Adila alifariki akiwa mdogo, lakini hadi leo watu wanawaita Baba Adila na Mama Adila.

Kati ya majaruba na minazi palikuwa na mfereji uliochimbwa na babu yake Mtoro. Mwaka jana Mtoro alitaka jaruba moja zaidi.

"Naufukia huu mfereji," alisema. "Kiangazi chote umekaa na tope tu."

"Kwani babu yako alikosa kazi, mpaka akauchimba?" Mwanahija aliuliza.

"Aliuchimba kwa ajili ya mvua. Mvua zenyewe siku hizi ziko wapi?"

"Na minazi?"

"Mnazi ni mtoto wa pwani, Mama Adila. Chumvi unaijua."

Akaufukia. Mtoro akishaamua jambo hageuki, na hilo ndilo lililomponza.

Msimu ule chumvi ilikuwa nyingi. Lakini makuti yakaanza kugeuka manjano. Mtoro akasema ni chonga, yule mdudu anayetoboa minazi. Akakwea, akatafuta, asimwone. Maji ya kisima nayo yakaingia chumvi. Kisha mnazi wa Adila ukaangusha makuti yote, ukabaki gogo limesimama. Mwanahija alilia kama siku ya msiba.

Saida, binti wa jirani, ni mhandisi wa maji. Alikuja kuwapa pole.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Unaona yaliyotukuta?"

"Naona, mjomba. Poleni sana. Kabla ya haya, mlibadilisha nini hapa?"

Mtoro aliyatazama majaruba. Mkewe ndiye aliyejibu. "Alifukia mfereji."

Saida aliomba sinia la pilau. Akalijaza mchanga. Upande mmoja akachimba kishimo, upande wa pili akachomeka njiti. Kando yake akaweka ganda jeupe la kombe.

"Kishimo ni jaruba, njiti ni minazi, kombe ni kisima," alisema. "Huu ni mfano. Wahandisi hutengeneza mfano kabla ya kugusa kitu chenyewe, kwa sababu vitu vimeshikana. Ukigusa kimoja, kingine kinaumia. Kazini tunatumia kompyuta. Leo sinia linatosha."

Alichora mfereji katikati. Akamimina kishimoni maji yenye rangi nyekundu ya ubuyu. Maji yalipenya mchangani, yakaingia mferejini, yakatoka ukingoni mwa sinia. Akaufukia mfereji, akamimina tena. Safari hii wekundu ulitambaa mpaka kwenye njiti.

Mtoro aliitazama njiti ya kwanza. "Kwa hiyo mfereji ulikuwa unabeba chumvi kiangazi chote. Na mimi nikasema umekaa tu."

Mwanahija aligeuza uso.

"Kesho naufukua," Mtoro alisema. "Naupitisha hapa, njia fupi."

"Jaribu kwanza, mjomba."

Mtoro akauchora kwa kidole. Wekundu ukalifikia kombe. Akafuta, akaupindisha, akajaribu tena na tena, mpaka kombe likabaki jeupe.

"Sasa chimba," Saida alisema. "Lakini mfano si shamba lenyewe. Muwe mnaonja maji ya kisima. Yakiwa bado na chumvi, tunarudi kwenye sinia."

Mtoro alilivunja lile jaruba jipya, akachimba. Baada ya masika maji ya kisima yalirudi kuwa matamu. Minazi iliyobaki ikatoa makuti ya kijani, na Mwanahija akakuna tena nazi za shambani kwake. Mnazi wa Adila haukurudi.

Juzi jirani yao Hamidu alitaka kujenga tuta. Mtoro alimpa lile sinia kabla hajamaliza kueleza. Hamidu alipoondoka, Mtoro alimwambia mkewe, "Siku ile naufukia mfereji, sinia lilikuwa jikoni, Mama Adila. Na mchanga ulikuwa hapo mlangoni. Ningejaribu kwanza, ningejua kabla sijamaliza hata kikombe cha chai."

Asubuhi Mwanahija bado hupita pale na kuligusa gogo. Siku hizi Mtoro huenda naye.