Katuni ya Watu Wawili

Haya yalimkuta rafiki yangu Tupokigwe, miaka ile magazeti ya katuni yalipoanza kumwagika sokoni Tukuyu. Yeye na mwanafunzi mwenzake, Ackson, waligombania namba moja darasani hadi wakanuniana, ila gazeti walinunua kwa kuchanga: lile la wanafunzi mahasimu wanaopendana kidogo kidogo. Walilisoma kwenye dawati moja. Kila Tupokigwe akitaka kufunua ukurasa, Ackson alimzuia.

"Bado, Tupo. Mbona una haraka?"

Kisha alilamba kidole, akafunua mwenyewe. Mwanzoni tabia hiyo ilimkera Tupokigwe. Baadaye akawa anaisubiri.

Ackson aliugua ghafla, akazikwa kwao Isongole. Jioni moja Tupokigwe alirudi darasani peke yake kuchukua toleo la mwisho, ambalo hawakuwahi kulimaliza. Ukungu ulikuwa umeingia hadi ndani, mvua inapiga bati. Akaketi kwenye dawati lao, akasoma upesi. Alipogusa ukurasa wa mwisho, mvua ikanyamaza.

"Bado, Tupo."

Akaganda, macho kwenye picha. Dawati likalia, kama mtu amesogea karibu. Ukurasa ukafunuka taratibu, wenyewe.

Kona yake ilikuwa imelowa mate.